Macho yanazimika: niache kazi ya lishe na hadithi zangu za watoto?

Swali

"Shikamoo mama. Mimi ni afisa lishe, naishi Tabata, nina mtoto mmoja. Nimeambiwa nina presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima, la kulia linaona katikati tu, pembeni ni giza. Daktari amesema wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Kazini wameanza kunong'ona. Nyumbani nina daftari la hadithi za watoto kuhusu vyakula, naziandika tangu nikiwa chuo na sijamwonyesha mtu. Nasikia wewe huoni kabisa, na bado ni mtaalamu wa lishe na unaandika vitabu vya watoto hapa hapa Dar. Niambie ukweli, si wa kunitia moyo tu. Maisha hayo yanaendaje? Niache kazi kabla sijaachishwa? Na mtu asiyeona anatungaje kitabu cha picha?"

Jibu

Marahaba mwanangu. Pole, tena pole sana. Umeuliza mambo matatu, lakini kuna la nne hukuliuliza, nalo ndilo la haraka kuliko yote: matone yako unaweka?

Nauliza kwa sababu presha ya macho ina hila. Hii ya kawaida haiumi, haiwashi, na matone hayakuongezei kuona hata chembe. Kazi yake ni kushusha presha ndani ya jicho ili mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo usiendelee kufa. Mtu anaweka mwezi wa kwanza, anaweka wa pili, haoni tofauti, chupa ikiisha anasema aa, pesa hii bora ninunue mchele. Hicho kidogo kilichobaki jicho la kulia ndicho mtaji wako. Usikose kliniki, iwe Muhimbili, iwe CCBRT pale Msasani, iwe popote ulikoanzia. Na ndugu zako wa tumbo moja nao wakapimwe hata kama wanaona vizuri, maana ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo.

Halafu kuna karoti. Wewe ni afisa lishe, lakini ngoja waanze. Shangazi ataleta juisi ya karoti, jirani unga wa mlonge, na mtu fulani Kariakoo atakuwa na kopo la virutubisho vya macho kwa bei ya kodi ya chumba. Haya mambo unayajua, ila jicho likiwa lako mwenyewe elimu huwa inakimbia, kwa hiyo nakukumbusha. Upofu wa upungufu wa vitamini A unaanzia mbele: mtoto anapapasa jioni, jicho linakauka, kioo cha jicho kinapata kidonda na mwisho kinatoboka. Presha ya macho iko nyuma, kwenye mshipa wa fahamu, na huko vitamini A haina dawa ya kuleta. Kula karoti kwa sababu ni tamu.

Mimi nazungumza kwa ukali kwa sababu nimepitia zote mbili. Jicho langu la kwanza lilikwenda na surua nikiwa mdogo kijijini. Surua inakomba akiba ya vitamini A mwilini, na mtoto aliyekuwa na akiba ndogo anaamka ana kovu jeupe jichoni. La pili lilikwenda kama linavyokwenda lako, taratibu, nikiwa tayari nimesoma na nina ajira. Kwa hiyo mtu akiniambia upofu na lishe ni vitu viwili visivyokutana, namshangaa. Helen Keller, yule Mmarekani asiyeona wala kusikia, alishiriki mwaka 1915 kuanzisha shirika la kusaidia askari waliopofuka vitani. Shirika hilo lina jina lake mpaka leo, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa imekuwa vitamini A na lishe ya watoto. Miaka ya sabini daktari Alfred Sommer alifanya utafiti Indonesia kuhusu watoto wenye ukavu wa macho, akagundua jambo ambalo hakulitafuta: watoto hao walikuwa wanakufa zaidi ya wenzao, hata pale macho yalipokuwa yameathirika kidogo tu. Mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya jaribio la Aceh: katika vijiji vilivyopewa vitamini A, vifo vya watoto vilipungua kwa takriban theluthi moja. Ile foleni yako ya kila Juni na Desemba, kina mama na watoto wa miezi 6 hadi 59 wakingoja matone ya vitamini A, mizizi yake iko huko, kwa watu waliokuwa wanahangaika na upofu.

Basi, tuje kwenye kazi.

Mwambie mtu akuandikie, au jirekodi kwenye simu, kila unachokifanya kazini kwa wiki moja. Kila kitu, mpaka kusaini mahudhurio. Halafu kwa kila kimoja jiulize: hiki kinahitaji macho kweli, au tumezoea tu kukifanya kwa macho? Mimi nilipofanya hivyo nilikuta vinavyohitaji macho kweli ni vichache mno, na vyote mtu mwingine anaweza kuvimaliza kwa dakika chache. Vilivyobaki vinataka mkono, sikio, pua na akili ya mtu aliyesomea lishe, na hivyo vyote unavyo.

Chukua utepe wa kupima mzingo wa mkono. Unaujua: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, 11.5 mpaka 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani. Ukiutazama ni rangi tupu. Mimi wangu nimeutoboa kwa sindano ukingoni, kutokea nyuma, vikajitokeza vinundu: kimoja kwenye 11.5, viwili kwenye 12.5. Naupata mkono wa kushoto wa mtoto, napima katikati ya bega na kiwiko, nazungusha, navuta bila kubana. Vile vinundu viwili vikishavuka dirisha la utepe, najua tuko chini ya 12.5. Kile kimoja nacho kikivuka, huyo mtoto haondoki bila rufaa. Ikiwa kinundu kimesimama mlangoni kabisa, hakiingii wala hakitoki, namwita mwenzangu asome namba. Hata wanaoona wanashauriwa kupima mara ya pili.

Uvimbe wa kwashakoo ndiyo hata usiseme. Unabonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, sekunde tatu, unaachia, unapitisha kidole. Kishimo kikibaki miguu yote, jibu umeshalipata. Hicho ni kipimo cha ngozi kwa ngozi tangu kilipobuniwa. Tena macho hapa hudanganya: nimesikia mara nyingi mtu anasifia, "huyu kanenepa mashavu," na mimi gumba langu limeshazama mguuni.

Uji? Chota, inamisha kijiko. Ukimiminika kama maji ya chai unausikia unavyotua bakulini, na ni mwepesi mno kwa mtoto. Uji wa kulishia hukaa kwenye kijiko, huteleza polepole. Na ushauri nasaha wote, ambao ukweli ndio sehemu kubwa ya kazi yetu, ni kusikiliza. Mama akiulizwa mtoto anakula nini akajibu haraka, "anakula kila kitu," kuna namna sauti inavyopita juu ya hilo jambo. Nyamaza kidogo. Atarudi mwenyewe: "Ila sasa wiki hizi mbili…" Ukiwa huna kadi ya kuikodolea macho unajifunza kunyamaza vizuri zaidi.

Sasa nisivyovigusa. Vidonge vya matone ya vitamini A sivikati mimi. Cha bluu ni yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, chekundu ni 200,000 kwa wa miezi 12 hadi 59, na kinachotofautisha dozi ni rangi. Hapo anashika anayeona, mimi nathibitisha umri. Mizani ya kuning'iniza, grafu ya kadi ya kliniki, weupe wa viganja na rangi ya nywele, vyote nauliza. Namwambia mwenzangu, "Nisomee." Siombi radhi, sijielezi. Yeye naye ana yake ananiita, hasa mtoto akikataa kula na mama amekata tamaa.

Watu hupenda kuniuliza kuhusu unga. "Mama, wewe utajuaje kama mahindi yameoza?" Ukungu mkubwa una harufu, na punje iliyooza ni nyepesi na inavunjika mkononi. Lakini sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu, yenyewe haionekani, hainuki, haina ladha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na hao walikuwa na macho yao. Kinga yake ni kukausha vizuri, kuanika juu ya turubai na si kwenye udongo, kuchambua, kutunza pakavu, na kupima maabara pale inapowezekana. Kwenye hili mimi na anayeona tuko sawa kabisa. Nikiwa hapo hapo, hizi unga za lishe za mtaani zenye mahindi, mtama, ulezi, ngano, soya, karanga, mchele na sijui nini tena, tuziache jamani. Wingi wa nafaka si lishe. Nafaka moja, jamii ya kunde moja iliyoandaliwa vizuri, halafu kwenye sahani dagaa, yai, mboga, tunda. Karanga zikichacha au zikiwa na ukungu ndani ya mchanganyiko wa vitu kumi na mbili, nani atajua? Haya, nimetoka nje ya swali.

Niache kazi? Hapana. Usiandike barua ya kuacha. Ukiacha mwenyewe umewapunguzia watu kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwenye ajira, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inautaja ulemavu miongoni mwa mambo ambayo mtu hatakiwi kubaguliwa kwayo. Ikitokea wamekuachisha isivyo halali, siku za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni 30, kwa hiyo usikae nyumbani ukilia mwezi mzima. Lia jioni, asubuhi nenda.

Ila sheria ni ya kuweka mfukoni. Kinachofanya kazi zaidi ni kuwatangulia. Ofisi niliyokuwa nayo mimi wakati ule ilinihamishia mapokezi, "kwa usalama wako," nikawa napokea simu na shahada yangu. Hawakuwa na roho mbaya, walikuwa hawajui tu mtu asiyeona anafanyaje. Nikawaandikia ukurasa mmoja: haya nafanya mwenyewe, haya nahitaji mtu wa kunisomea kwa nusu saa kila siku, na hivi ndivyo vifaa ninavyohitaji. Ilichukua miezi, lakini nilirudi kliniki. Andika ukurasa wako sasa, wakati bado unaona kidogo, uupeleke kabla hawajaitana kikao cha kukujadili. Mtu akishapangiwa cha kufanya na huruma za wengine, kukitoa ni kazi.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha. Kompyuta iwekewe NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ni ya bure, na waliobuni ni vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni. Inakusomea Word, Excel, barua pepe, fomu za mtandaoni kama zimetengenezwa vizuri. Simu ya Android ina TalkBack tayari, iko kwenye mipangilio, unaiwasha tu. Tafuta sauti ya Kiswahili uipakue, maana ile ya Kiingereza ikikusomea "ng'ombe" na "nyanya" utafikiri imemeza jiwe. Siku za kwanza utataka kuitupa simu ukutani. Usiitupe. Jifunze ukiwa bado unaona kile ambacho sauti inakuambia, kwa sababu sasa hivi unaweza kulinganisha, baadaye hutaweza. Pesa za kwenye simu utatuma mwenyewe, namba ya siri utaingiza mwenyewe, na heshima ya hilo peke yake utaielewa ukiwa umeshaombaomba watu wakuingizie.

Nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, pia anza sasa. Watakuambia kuna sauti siku hizi, nukta nundu za nini. Waambie sauti haikufundishi wapi pana koma. Mwandishi anayesikiliza tu baada ya muda anasahau maneno yanavyoandikwa, na wewe unataka kuwa mwandishi. Louis Braille alizibuni mwaka 1824 akiwa na miaka 15, nukta sita tu, na herufi za Kiswahili zinaingia zote bila taabu. Vidole vya mtu mzima vinachelewa kuliko vya mtoto, huo ndio ukweli, lakini vinafika. Ulizia Chama cha Wasioona Tanzania wakuelekeze, na walimu wanaofundisha wasioona hapa mjini wapo. Shule ya Uhuru Mchanganyiko imekuwa ikisomesha watoto wasioona pamoja na wengine kwa miaka mingi.

Sasa daftari lako, mwanangu, na hapa nitakaa.

Sijaisoma hata hadithi moja, lakini ngoja nibashiri. Kuna karoti inayozungumza. Kuna mtoto asiyependa mboga, anaugua, daktari anamwambia ale mboga, anakula, anapona, anakuwa wa kwanza darasani. Kama nimekosea, nisamehe. Kama nimepatia, usione haya, sote maafisa lishe tumeandika hiyo. Tatizo lake ni kwamba ni semina iliyovaa kaptula. Mtoto anaisikia kwa mbali, anajua anahubiriwa, anafunga masikio. Bibi zetu walipoanza "Hadithi, hadithi!" na sisi tukaitikia "Hadithi njoo!", hakuna aliyesubiri kuambiwa ale mchicha. Tulisubiri kujua sungura atatokaje.

Kwa hiyo anza na mtoto anayetaka kitu na anazuiwa. Mfano: binti katumwa matembele genge la mbali, maana la karibu yameisha, na mvua inakuja, na mbuzi wa mzee mmoja mkali kayaona yale majani. Kila anapofika kona, fungu limepungua. Swali la hadithi ni atafika nyumbani na nini. Matembele yapo mwanzo mpaka mwisho, yananuka, yana utomvu unaonata vidoleni, yanachambuliwa shina na jani, yanatiwa nazi, na hakuna mahali pameandikwa yana madini ya chuma. Mtoto akifunga kitabu anayataka. Ukitaka kuwaambia wazazi kitu, weka ukurasa mmoja nyuma, maandishi madogo, hapo ndipo pa kueleza kwamba kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na nini cha kufanya. Mtoto hausomi ukurasa huo na hana haja nao.

Sisi tusioona tuna faida moja kwenye uandishi huu, nayo ni kwamba vitabu vya chakula vya watoto vimejaa rangi na havina harufu. Mchoraji atachora embe la njano, sawa. Wewe andika namna maji yake yanavyoteremka mpaka kwenye kiwiko, nyuzi zinavyobaki kwenye meno, kokwa linavyoteleza mkononi likaangukia kwenye mchanga na mtoto akalitazama kwa uchungu. Lakini rangi usizitupe. Wewe umeziona, unazikumbuka, na kuna mahali rangi ndiyo habari yenyewe. Viazi lishe vina rangi ya chungwa kwa sababu ya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Hadithi ya viazi lishe bila rangi itakuwa hadithi ya viazi tu.

Umeuliza mtu asiyeona anatungaje kitabu cha picha. Anatunga kama wengine: mwandishi anaandika maneno, mchoraji anachora, mhariri anawapatanisha. Waandishi wengi wanaoona hawajui kuchora hata kikombe. Vitabu vya aina hii huwa na kurasa 16, 24 au 32, maana karatasi kubwa ya mtamboni hukunjwa kwa mafungu ya nane. Mimi naandika ukurasa kwa ukurasa, na chini ya kila mmoja naweka maelezo kwa mchoraji: nani yuko wapi, ameshika nini, saa ngapi, na kitu gani *kisiwepo*. Hilo la mwisho lina maana kubwa. Mchoraji akiambiwa "mama na mtoto mchanga", mkono wake unaweza kwenda wenyewe kwenye chupa ya maziwa. Wewe unahubiri miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, kitabu chako kinauza chupa. Akiambiwa "sherehe", anaweka soda mezani. Akiambiwa "familia maskini", anachora watu wanaokula mlenda kana kwamba mlenda ni adhabu. Andika: hakuna chupa, hakuna soda, na huo mlenda wanaula wakicheka.

Michoro ikirudi, siulizi "Ni mizuri?" Kila mtu husema ni mizuri. Namchukua mtu mmoja, namwambia anisomee picha, si maneno, kuanzia kona ya juu kushoto. Namchukua wa pili bila wa kwanza kuwepo. Wa tatu lazima awe mtoto, na huyo ndiye hatari. Watu wazima wawili walinisomea ukurasa mmoja wa jikoni, vyungu, moto, bibi. Mtoto wa jirani yangu hapa Mbagala akasema, "Bibi ana viatu vya kisigino." Kisigino jikoni, kwenye kigoda! Nilimpigia mchoraji simu nikicheka. Yakitofautiana maelezo ya hao watatu, mchoro hauko wazi, unarudi.

Usisaini mkataba uliosomewa na mtu wa mchapishaji. Omba faili la Word siku kadhaa kabla, lisikilize mwenyewe kwa NVDA mara mbili, kisha mpe mtu unayemwamini. Angalia mrabaha, yaani fungu lako kwenye mauzo, ni asilimia ngapi, na ni ya bei ya jalada au ya anachopokea mchapishaji, maana hizo ni pesa mbili tofauti. Angalia haki za sauti na za nukta nundu ziko kwa nani. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020, ule unaorahisisha vitabu kutengenezwa kwa ajili ya wasioona bila kukwama kwenye hakimiliki, lakini mwombe mchapishaji kabisa akupe faili safi la mwisho. Mimi nachapisha maneno kwa nukta nundu kwenye plastiki nyembamba ya kubandika, inayoonyesha kilicho chini, nabandika juu ya kurasa za kitabu cha kawaida. Mama asiyeona anasoma kwa kidole, mwanawe anatazama picha, wote kwenye kitabu kimoja. Mtoto wako na wewe mtaanza na hicho.

Wachapishaji wa vitabu vya watoto hapa mjini wapo, Mkuki na Nyota na wengine, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu siku hizi inapokea hadithi za watoto. Kwenda shuleni kitabu kinataka ithibati, na hiyo ni safari ya mchapishaji, usiibebe wewe. Pesa si nyingi. Ndiyo maana nimekuambia usiache kazi.

Kuhusu mji wenyewe, sitakudanganya, Dar haikujengwa ikitufikiria. Mitaro haina mifuniko, bodaboda zinapita njia ya miguu, na meza ya chipsi iliyokuwa kulia jana leo iko katikati. Fimbo nyeupe ichukue mapema, hata sasa, maana usiku na pembeni huoni. Wengi hungoja mpaka waanguke kwa sababu ya aibu. Mwendokasi ni nafuu kuliko daladala kwa sababu kituo hakihami na mlango uko usawa wa jukwaa, ila asubuhi ni vita kwa kila mtu. Mtu akitaka kukuvusha usikubali kuburutwa kwa kifundo cha mkono. Wewe ndiye ushike kiwiko chake, utembee nusu hatua nyuma. Wafundishe kwa sauti ya kawaida, wanaelewa haraka. Watoto ndio hawana shida kabisa. Mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya darasa zima, "Bibi, sasa ukila chipsi unajuaje zimeisha?" Mwalimu akataka kumfinya. Nikamwambia mwache, ni swali la lishe.

Jioni zitakuwa nzito, hasa mwaka huu. Mwanao ataanza kukusaidia kuliko umri wake unavyoruhusu. Acha akusomee barua moja moja, usimgeuze macho yako. Dada wa kazi, jirani, mwenzako ofisini, programu ya simu, gawanya mzigo ili asiubebe mmoja. Na kuna watu watakaokuacha, wengine wa karibu. Hilo siwezi kulipamba.

Hadithi zako nitumie, zote, hata ya karoti. Zichapwe kwenye Word, usipige picha kurasa za daftari ukanitumia, maana programu yangu itaniambia "picha" na basi. Kama mkono umechoka kuchapa, zisome kwa sauti ukiwa umejirekodi, bila haraka, kama unamsomea mwanao. Na kliniki yako ya macho ni lini? Niandikie tarehe.